Akiba Haiozi, Lakini Nyama Huoza: Kwa Nini Wawindaji Hugawana Leo

Mwisho wa mwezi umefika. Simu imelia, pesa zimeingia. Kabla ya saa sita mchana mdogo wako ameomba ya dawa, jirani ameomba ya gesi, na kikundi cha familia kimeleta namba ya kuchangia mazishi. Jioni ukiangalia salio unajiuliza: kwani hii pesa ilikuwa yangu, ama ilikuwa inapita tu?

Swali hili tunalisikia sana. Na jibu ambalo watu hupewa ni lilelile: jifunze kusema hapana, weka akiba. Sisi pia tunapenda akiba, na tumeandika kuihusu mara nyingi. Lakini leo tunataka kwanza kuuliza kitu kingine. Kama kugawana ni tabia mbaya ya pesa, mbona binadamu wameishi hivyo kwa muda mrefu kuliko walivyoishi kwa njia nyingine yoyote? Kabla ya shamba, ghala na benki, watu wote duniani walikuwa wawindaji na wachumaji. Na wengi wa wale tunaowafahamu vizuri hawakuweka. Waligawana, siku hiyo hiyo.

Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu yao. Tukiielewa hiyo hesabu, tutajua ni lini na sisi tugawane, na ni lini tuweke.

Twende Ziwa Eyasi

Hatuhitaji kwenda mbali. Ng'ambo tu ya mpaka, kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Ni watu zaidi kidogo ya elfu moja, na wachache kati yao bado hupata sehemu kubwa ya chakula chao porini. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale na kurina asali. Wanawake huchimba mizizi, huchuma matunda ya mwituni na kuokota ubuyu. Hawalimi, hawafugi, na kambi zao huhama mara kadhaa kwa mwaka.

Mtafiti Mwingereza James Woodburn alianza kukaa nao mwaka wa 1958. Mwaka wa 1982 alichapisha maelezo ambayo wasomi wanayatumia mpaka leo. Alisema kuna jamii ambazo jasho la leo hulipwa leo: unatoka asubuhi, unapata, mnakula, kesho unatoka tena. Na kuna jamii ambazo jasho la leo hulipwa baadaye: unapanda sasa, unavuna baada ya miezi, unafuga sasa, unachinja baada ya miaka. Wahadzabe ni wa kundi la kwanza. Mkulima wa Kitale ni wa kundi la pili. Na wewe mwenye mshahara wa mwezi, au mwenye boda boda inayoleta pesa kila jioni, una mguu mmoja huku na mmoja kule.

Hesabu ya nyama

Sasa tuangalie namba. Katika miaka ya 1980 watafiti walifuatana na wawindaji wa Kihadzabe na kuhesabu siku zao. Waligundua kwamba, kwa wastani, mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa mara moja kwa kila siku 29 za kuwinda. Siku moja ya furaha, siku 28 za kurudi kambini mikono mitupu.

Hebu fanya hesabu. Ukiwinda peke yako kila siku kwa siku 30, na bahati yako ni hiyo ya moja kwa 29, kuna uwezekano wa karibu mmoja kwa tatu kwamba mwezi mzima utaisha bila wewe kupata hata mnyama mmoja mkubwa. Sio kwamba wewe ni mvivu. Ni bahati tu ya porini.

Sasa weka wawindaji watano wenye bahati sawa kwenye kambi moja, wakubaliane kwamba atakayepata, wote wanakula. Kambi itapata mnyama kwa wastani baada ya kila siku sita hivi. Na uwezekano wa mwezi mzima kupita bila nyama kubwa unashuka hadi chini ya moja kwa mia. Hakuna aliyeongeza bidii wala aliyenunua mshale mpya. Kilichobadilika ni kwamba wamegawana bahati.

Kumbuka pia ukubwa wa mnyama. Punda milia ni nyama nyingi kuliko familia moja inavyoweza kumaliza kabla haijaharibika, na twiga ndiyo kabisa. Watu wa pwani husema akiba haiozi. Ni kweli kwa mahindi makavu na kwa shilingi. Lakini nyama kwenye jua la Eyasi huoza, na kilo ya mwisho ambayo tumbo lako limeikataa haina thamani kwako. Kwa jirani ambaye hajala, kilo hiyo hiyo ni kila kitu. Ukimpa, hujapoteza chochote leo, na umejiwekea nafasi kwenye mnyama wake wa wiki ijayo.

Kwa hivyo sio kweli kwamba wawindaji hawakuweka akiba kabisa. Waliiweka mahali ambapo haiozi: kwa watu.

Mzigo wa kubeba na haki ya kuomba

Kuna sababu mbili zaidi.

Ya kwanza ni kuhama. Mtu anayehama na kila kitu chake mgongoni hana faida ya kurundika vitu. Kila unachomiliki ni uzito. Ghala lingekufunga mahali pamoja, na hapo mahali matunda yakiisha na wanyama wakihama, utabaki unalinda ghala tupu.

Ya pili ni kwamba kwenye jamii hizi, kuomba sio aibu. Mara nyingi kinachogawanywa hakitolewi kama zawadi, kinadaiwa. Mtu akiona una kingi, anakuambia nipe, na unatoa. Anayepokea hapigi magoti wala hasemi asante nyingi, maana anajua kesho zamu ni yake. Aibu iko kwa yule anayeficha.

Huko Kalahari, kwa Waju/'hoansi wa Botswana na Namibia, kuna desturi nyingine ya kuvutia. Nyama humilikiwa na mwenye mshale uliomwua mnyama, wala sio lazima awe ndiye aliyeurusha, kwa sababu watu huazimana mishale. Mwenye mshale ndiye anayesimamia kugawa. Hivyo hata mzee asiyeweza kukimbia tena anaweza kuwa na zamu yake ya kugawa. Na mwindaji akirudi na mnyama mnono, wenzake humkejeli: ati hako kamnyama ni mifupa mitupu, tumetembea bure. Kila mtu anajua ni utani. Kazi yake ni kuzuia bingwa asijione mkubwa wa wenzake.

Si malaika hawa

Tukiishia hapo tutakuwa tumekuuzia hadithi tamu. Ukweli ni kwamba Wahadzabe ni watu kama sisi. Watafiti wameona kwamba wanaume hula sehemu kubwa ya chakula walichopata wakiwa bado porini, hasa asali, kabla ya kufika kambini ambapo macho ni mengi. Wengine huficha. Unalijua hilo: ni kama kulipa kwanza kodi ya nyumba na kununua unga, ndipo upokee simu.

Tena, ukarimu sio damu. Mwaka wa 2012 lilichapishwa jaribio lililofanywa na Wahadzabe 205 katika kambi 17. Kila mtu mzima alipewa vijiti vya asali, achague kubaki navyo au kuvitia kwenye chungu cha kambi, ambapo watafiti wangeongeza kisha asali igawanywe kwa wote. Kambi zilitofautiana sana: kwingine watu walitoa kwa wingi, kwingine walibana. Waliporudi tena na tena kwa miaka kadhaa, watafiti waligundua jambo la maana zaidi. Mtu yuleyule hakuwa mkarimu siku zote wala mchoyo siku zote. Alitoa kama wanavyotoa watu wa kambi anayoishi sasa. Akihamia kambi ya watoaji, na yeye anatoa. Akihamia kambi ya wabanaji, anabana.

Hili tulibebe mpaka mwisho. Kugawana hakutegemei tu moyo wako. Kunategemea uko kambi gani.

Mbona wengine waliweka?

Sio wawindaji wote waliokula kila kitu leo. Hapa kwetu, Waogiek wa msitu wa Mau wanajulikana kwa asali. Huchonga mizinga ya magogo, huitundika mitini na kusubiri nyuki waingie. Mzinga una mwenyewe, na maeneo ya msitu yaligawanywa kwa koo. Na asali, tofauti na nyama, hukaa muda mrefu ikihifadhiwa vizuri. Ndiyo maana Waogiek waliweza kuitunza kwa siku mbaya na kuibadilisha na majirani wafugaji.

Mbali zaidi, kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, kulikuwa na watu wasiolima waliovua samaki wa salmoni kwa msimu mmoja, wakawakausha na kula majira yote ya baridi. Hao walikuwa na maghala, nyumba za kudumu, na pia machifu, matajiri na watumwa.

Unaona tofauti? Chakula kikija chote kwa msimu mmoja, na kikiweza kukaa, watu huweka. Kikija kwa bahati na kikioza haraka, watu hugawana. Na palipo na ghala pana mlango, na palipo na mlango pana mtu mwenye haki ya kusema hapana. Akiba ilileta usalama, ila ilileta pia tajiri na maskini.

Simu yako: porini au ghalani?

Sasa turudi kwetu. Pesa ya simu haiozi, haina uzito, na hakuna anayeiona ila wewe. Kwa hivyo sababu zote za mwindaji zimeisha, sivyo? Hapana. Moja bado iko palepale: bahati. Wakenya wengi hawajui wiki ijayo italeta nini. Mama mboga anajua siku ya mvua hauzi. Fundi wa mjengo anajua kuna wiki hakuna kazi. Hata mwenye mshahara anaweza kupelekwa hospitali usiku.

Wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia za Kenya katika miaka ya kwanza baada ya M-Pesa kuanza, Machi 2007. Walitaka kujua nini hutokea familia ikipatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2014: familia ambazo hazikutumia pesa za simu zilipunguza matumizi yao kwa wastani wa asilimia 7. Zile zilizotumia hazikupunguza. Sababu? Walitumiwa pesa, tena na watu wengi zaidi, kutoka mbali zaidi. Ni kambi ileile ya mwindaji, ila sasa kambi moja ina watu Kisumu, Mombasa na Garissa.

Huo umbali una maana sana. Kugawana na jirani hakusaidii ukame ukiwapiga wote wawili. Waju/'hoansi walilijua hilo: walikuwa na marafiki wa kupeana zawadi katika maeneo ya mbali, na njaa ikiingia kwao walihamia kwa hao marafiki mpaka hali itulie. Mtu wa Turkana mwenye binamu Nairobi ana kinga ambayo jirani wa Turkana hawezi kumpa.

Lakini kugawana kuna gharama, na hilo pia limepimwa hapa Kenya. Katika jaribio lililofanywa vijijini magharibi mwa nchi na kuchapishwa mwaka wa 2016, wanawake walipewa pesa kidogo wachague jinsi ya kuziwekeza. Wanawake wengine, hasa waliokuwa na jamaa pale pale, walichagua njia yenye faida ndogo mradi tu watu wasijue walichokuwa nacho. Yaani walikubali kupoteza ili wafiche. Unaweza kuwaelewa. Kama kila faida ya biashara inaishia kwa maombi, mtaji utakua lini?

Kanuni moja ya kukusaidia

Tukiweka haya yote pamoja, tunapata kanuni rahisi. Jiulize: hili tatizo linapiga mmoja mmoja kwa kushtukiza, ama linatupiga wote kwa siku inayojulikana?

*Linapiga mmoja mmoja:* ugonjwa, ajali, kifo, wizi, kupoteza kazi. Hapa gawaneni. Mfano: watu kumi, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa mwezi. Hiyo ni 5,000. Bili ya hospitali ya 18,000 ingekuchukua miaka mitatu kuiweka peke yako kwa 500 kwa mwezi. Kikundi kinaipata kwa muda usiofika miezi minne. Ni hesabu ya wawindaji watano, ila sasa ni shilingi.

*Linatupiga wote pamoja:* karo ya Januari, kodi ya nyumba, mbegu na mbolea kabla ya mvua, Krismasi. Hapa hakuna wa kumwomba, maana kila mtu anatafuta. Januari inaitwa Njaanuari kwa sababu hii. Kama karo ni 12,000, hakuna chama wala mjomba atakayekuokoa wiki hiyo. Ila 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima itakuokoa. Hii pesa weka, na usiione aibu kuiwekea mlango.

Na mlango wenyewe sio lazima uwe mkubwa. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka wa 2013, uliwapa wanachama wa vyama masanduku ya chuma yenye kufuli, waweke humo pesa za afya tu. Akiba yao ya afya iliongezeka sana, hata kama ufunguo walikuwa nao wenyewe na wangeweza kufungua wakati wowote. Sanduku liliwapa sababu ya kusema: hiyo pesa ina kazi yake. Masanduku ambayo ufunguo ulikaa kwa watafiti hayakuleta matokeo sawa, kwa sababu pesa usiyoweza kuifikia inatisha kuiweka. Kwenye simu, kazi ya sanduku hufanywa na akaunti ya akiba yenye jina: "Karo ya Achieng", sio "Akiba" tu. Ni vigumu kuvunja kitu chenye jina la mtoto.

Ukiombwa, na ukiomba

Mwindaji ana faida moja ambayo wewe huna: anayemwomba amesimama mbele yake. Kwa simu, anayeomba anaweza kuwa mtu yeyote aliyeiba namba ya ndugu yako. Kwa hivyo:

- Ujumbe wa dharura ukija, mpigie mhusika kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Anayekuharakisha ati usipige simu, huyo mshuku.
- Soma jina linalotokea kabla ya kukubali kutuma. Kama sio jina unalolijua, simama.
- Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa na urudishe, angalia salio lako kwanza. Ujumbe unaweza kughushiwa, salio haliwezi.
- Gawana pesa, usigawane namba ya siri. Hata na mume, mke au wakala wako wa siku zote.
- Ukitoa ahadi kwa familia, toa kiasi unachojua kila mwezi. Mtu akijua wewe ni wa 1,000 kila mwezi bila kukosa, hakuombi 5,000 kila wiki.
- Na siku ukipata pigo, omba. Watu wengi hutoa miaka yote, halafu zamu yao ikifika wanaona haya. Mchango uliotoa ulikuwa ni kiti chako kambini.

Jambo la mwisho ni lile la kambi. Ukiona wewe unatoa tu na hupokei kamwe, wala hakuna hata anayekupigia kukujulia hali, hapo hakuna kugawana. Hiyo ni kambi ya kuliwa. Wahadzabe wakishindwana hawapigani sana. Hubeba vitu vyao na kuhamia kambi nyingine. Ndugu huwezi kuwahama, lakini chama unaweza, na kikundi cha marafiki unaweza. Tafuta watu kumi wanaotoa kwa wakati, walio katika kazi tofauti na miji tofauti, ili siku yako mbaya isiwe siku yao mbaya.

Wiki hii, chukua karatasi. Upande mmoja andika majina ya watu ambao ungewapigia saa nane usiku na wangetuma. Upande wa pili andika gharama ambazo tayari unajua tarehe zake kati ya leo na Februari. Upande wa kwanza ukiwa mfupi, anza kujenga chama. Wa pili ukiwa mrefu, fungua akaunti ya akiba leo, uipe jina, na uanze na chochote ulicho nacho.